Ini Moja, Ndugu Wawili

Mwanaidi hakuwahi kulazwa hospitali kwa ugonjwa. Alikuwa fundi cherehani pale Old Korogwe, anashona sare za shule barazani kwake, na mumewe Sabiri anaziba pancha za pikipiki upande wa pili wa barabara. Watu walimjua kwa ucheshi. Woga wake waliujua wachache: hata kuku akichinjwa, yeye hugeuza uso.

Kaka yake, Kibwana, alikuwa mkulima wa mahindi kwao Handeni. Ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, na ndiye aliyekuwa walii wake siku ya ndoa. Mwaka juzi macho ya Kibwana yakaanza kuwa ya njano. Wakadhani malaria. Kisha tumbo likajaa maji na miguu ikavimba. Hospitali ya rufaa ikawaambia kwamba virusi vya homa ya ini vimekuwa vikimla kwa miaka mingi bila yeye kujua. Ini limeharibika, na lililobaki ni kupandikizwa jingine, huko India.

"Na hilo ini linapatikana wapi?" aliuliza mama yao, Bi Maryamu, siku ukoo ulipokaa kikao.

"Kwa ndugu wa damu," alijibu Shamimu, mke wa Kibwana. "Anakatwa kipande, anapewa mgonjwa. Daktari anasema kinachobaki huota tena."

Wa kuchangia nauli walijitokeza, wa kuuza ng'ombe wakajitokeza. Lilipofika la ini, wengi waliangalia chini. Jabiri, mdogo wao wa mwisho, alikuwa tayari, lakini ana kisukari. Walipopimwa, damu iliyooana na ya mgonjwa ikawa ya Mwanaidi.

Alisema ndiyo mbele ya watu wote, kwa sauti kubwa. Woga ulimjia baadaye, akiwa kwenye basi la kurudi Korogwe.

Sabiri hakumkataza. Alikuwa akifunga vifaa vyake jioni moja, Mwanaidi akamwendea.

"Sema neno basi, baba Zuhura."

"Nikisema usiende, kaka yako akifa utaniangalia kwa jicho gani? Nikisema nenda, ukafa wewe, watoto nitawaambia nini?" Akaendelea kukunja mpira wa ndani uliokwisha kuchakaa. "Niache ninyamaze tu."

Waliondoka watatu: Kibwana, Shamimu na Mwanaidi. Huko Chennai, India, kila kitu kilimtisha. Korido zilikuwa na baridi ya viyoyozi. Alipitishwa kwenye mashine inayonguruma, akaambiwa abane pumzi, aachie, abane tena. Alichokielewa ni sauti ya Grace peke yake, binti wa Kitanzania aliyesoma huko, akabaki kufanya kazi ya ukalimani hospitalini.

Siku moja wakamwita chumbani bila ndugu zake. Alikuwepo daktari na mama mmoja wa kamati ya hospitali. Mlango ukafungwa.

"Wanauliza kama kuna aliyekulazimisha," Grace alimtafsiria.

"Hakuna."

"Unajua kwamba anayetoa naye anaweza kufa? Ni mara chache, lakini hutokea."

"Nimeambiwa."

"Ukitaka kuacha, sema sasa. Watu wako wataambiwa tu kwamba hufai kutoa. Hakuna atakayejua kingine."

Moyo ulimruka Mwanaidi. Alijiona yuko barazani kwake, mguu kwenye pedeli ya cherehani, watoto wanarudi shule. Ilikuwa rahisi hivyo.

"Mwambie naogopa sana," alisema. "Muulize, mtu anayeogopa hivi anaruhusiwa kutoa?"

Daktari alimsikiliza Grace, akavua miwani. "Anasema wote huogopa. Anachouliza ni kama unataka."

"Nipeni mpaka kesho."

Alikwenda moja kwa moja kwa Kibwana. Alimkuta ameegemezwa mito, tumbo limetuna, midomo imekauka.

"Wamekuuliza?" Kibwana alisema.

"Wameniuliza."

"Kataa."

Mwanaidi akadhani hakusikia vizuri.

"Kataa, mdogo wangu. Nikiamka nikaambiwa wewe hukuamka, hilo ini nitaishi nalo vipi? Turudi nyumbani, nikafie kwa mama." Machozi yakamtoka, na Mwanaidi hakuwahi kumwona kaka yake akilia, hata kaburini kwa baba yao.

Hasira zikampanda. "Kaka, mimi nimetoka Korogwe na woga wangu umenijaa mpaka hapa," akagusa koo. "Usinibebeshe na wako!"

"Unatetemeka, Mwanaidi."

"Ndiyo, natetemeka. Nitaingia hivyohivyo."

Asubuhi ya upasuaji aliingizwa kwanza. Alipita kwenye taa nyingi akisoma shahada kimoyomoyo, akikosea, akianza upya. Walipomfunika pua kwa barakoa alitaka kusema subirini. Mdomo ulifunguka, dawa ya usingizi ikamwahi.

Alipozinduka, maumivu yalikuwa yamemkata tumbo zima. Grace alikuwa kando, amevaa barakoa, yanaonekana macho tu.

"Kaka yuko wapi?"

"Pumzika, dada."

"Grace. Kaka yuko wapi?"

Grace aliangalia pembeni kwanza. "Wamemrudisha chumba cha upasuaji. Alikuwa anavuja damu."

Hakuna woga wa nyuma uliofanana na huo. Sasa ini lilikuwa limeshatoka, na lingeweza kuzikwa na Kibwana. Hakuweza hata kujigeuza. Shamimu aliporuhusiwa kuingia, alikosa pa kumshika kwa wingi wa mirija, akamshika mguu. Wakakaa hivyo.

Kesho yake mchana daktari alikuja, akasema maneno machache. Grace akaanza kulia ndani ya barakoa. "Damu imekoma," alisema. "Na ini lako linafanya kazi ndani yake."

Waliporejea, Bi Maryamu alimwingiza binti yake chumbani, akamfunua gauni, akauangalia mshono mrefu. Alimsemesha kwa Kizigua, polepole, kama alivyokuwa akimsemesha utotoni akiwa na homa.

Kibwana anameza dawa kila siku, na atazimeza maisha yake yote. Analima kijishamba kidogo tu. Mwanaidi amerudi kwenye sare zake. Lakini simu ikilia na kuonesha jina la mtu wa Handeni, mguu unasimama kwenye pedeli, na mara nyingi humpa Sabiri apokee.

Juzi Sabiri hakuwepo. Akapokea mwenyewe.

"Mahindi mabichi yapo," Kibwana alisema. "Nikutumie kwa basi gani?"

"Lolote, kaka," alijibu Mwanaidi. Akaegemea ukuta, akasubiri mapigo ya moyo yapungue.