Nilikata Mchenza wa Shangazi Ili Jina Langu Litajwe

Kosa ni langu, tena nalisema mapema kabla hamjaanza kunionea huruma. Siwezi hata kumsingizia shetani. Shoka nililinoa mimi, nikalishika mimi, na jasho lililonitoka siku ile lilikuwa langu.

Jina langu sitaliandika. Sababu mtaiona mbele, na mtacheka. Chekeni tu, nimeshazoea.

Mimi ni mtu wa Jilore. Kwa miaka mingi nimekuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Watamu. Kazi yangu ni kukata nyasi, kumwagilia maua na kuitikia "ndiyo bosi". Ni kazi ya heshima. Laiti ningetosheka nayo!

Mbele ya nyumba yetu palikuwa na mchenza mmoja. Aliyeupanda ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alipokuwa bado msichana wa hapo nyumbani. Watu wa pwani mnajua mambo yetu: shamba laweza kuwa la mtu huyu, na mti uliomo ndani ukawa wa mtu mwingine. Shamba nilirithi mimi, mti ulibaki wake. Baba aliniambia kabla hajafa, "Huu mchenza ndio mlango wa dada yangu. Usije ukaufunga." Nikasema ndiyo, baba. Kusema ndiyo si ndiyo kazi yangu?

Shangazi, nimwite Shangazi Kadzo, aliolewa, akafiwa na mume, wala hakujaaliwa mtoto. Sasa anaishi chumba cha kupanga Mtwapa na kuuza mahamri asubuhi. Hana shamba, hana nyumba. Mahali pekee ambapo hakuna mtu angemwambia "toka" ni chini ya ule mchenza.

Kila msimu, mvua kubwa zikishakatika, alikuja na kikapu chake. Hodi hakupiga hata siku moja. Tulisikia tu mfuniko wa sufuria ukifunuliwa jikoni na sauti ikiuliza, "Leo mnanipa nini nyinyi?" Alikaa wiki nzima akichuma, akigawia majirani, akikaa mkekani na watoto wangu na kuwasimulia utundu wa baba yangu. Na machenza yenyewe, jamani! Ganda lajivua lenyewe, utamu mpaka unafumba macho. Alipoondoka, nyumba ilipoa.

Basi hotelini akaja mgeni, mzee wa Kitaliano aliyependa bustani kuliko bahari. Nilimpelekea machenza ya shangazi, akala, akapiga kelele za furaha. Akanieleza kwamba kwao mtu huchukua unga wa ua la mti huu, akaupaka kwenye ua la mti ule, akapata tunda jipya ambalo halijawahi kuonekana duniani. Na tunda hilo hupewa jina lake! Akanipiga bega. "Bravo, professore!"

Professore! Mimi niliyeishia darasa la saba! Neno lile lilinipanda kichwani kuliko pombe ya mnazi ya asubuhi. Nilirudi nyumbani nimetanguliza kifua, mke wangu akaniuliza kama mgongo unaniuma.

Nikaanza utaalamu wangu. Mchenza ulipochanua, nilikusanya unga wa maua ya mchungwa wa hotelini, nikautia ndani ya kiberiti kitupu, nikaupaka maua ya mchenza kwa unyoya wa kuku. Kila ua nililolipaka nililifunika kwa kipande cha chandarua na kulifunga uzi mwekundu. Chandarua chenyewe kilikuwa cha watoto. Mbu waliwatafuna wanangu, baba yao yuko juu ya mti anabembeleza maua.

Majirani walipoona mti umejaa vitambaa na nyuzi nyekundu, wakasema nimetega uchawi. Wanawake wakaacha kupita njia ya mbele. Aliyethubutu kuja ni jirani yangu Kahindi peke yake.

"Ndugu yangu, huyo unayemroga ni nani? Nijue mapema kama ni mimi."

Nikamjibu kwa dharau kwamba mambo haya ni ya kitaalamu, yeye hawezi kuyaelewa.

Shangazi naye alipokuja nilimwomba asichume yale yenye uzi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, cheza mwanangu. Mti ni wangu, lakini mikono hiyo yako ni ya ndugu yangu." Kauli hii naikumbuka mpaka leo, na inanichoma.

Yale ya uzi nikayachuma, nikatoa mbegu, nikaotesha. Miche sita ikashika. Nikaipanda shambani, mitano mahali pazuri. Wa sita ulikuwa kituko, umedumaa, majani mapana, miiba mirefu ya kutisha. Huo nikaupeleka nyuma ya choo wasiuone wageni.

Siku moja Kahindi akaja kuniomba kijiti cha mchenza wa zamani akapandikize kwake. Ombi dogo tu la ujirani. Mimi nikaona mwizi! Nikafikiri: mti huu ukibaki, kila mtu atakuja kuchukua maua na vijiti, naye atazalisha tunda kama langu, na jina litakuwa la wote. Mtaalamu lazima alinde siri yake. Lo, mtaalamu! Hata kuiandika naona haya.

Nikatafuta shoka. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Wewe, huo mti si wako."

"Nitamwambia shangazi umeliwa na mchwa."

"Na Mungu utamwambia umeliwa na nini?"

Nikampita, nikakata. Mti ulianguka na machenza yake machanga, yakatawanyika uani, na watoto wangu wakayaokota wakidhani ni mchezo. Mke wangu hakuniandalia chakula siku ile, na sikuthubutu kuuliza.

Msimu ukafika, shangazi akaja na kikapu. Nilimwona akisimama njiani kabla hajafika, anatazama mahali palipokuwa na kivuli.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mti wangu uko wapi?"

"Mchwa, shangazi. Wameumaliza wote. Ikabidi niukate, usije ukaangukia watoto."

Akaenda kwenye kisiki, akainama, akapitisha kiganja juu yake polepole. Kisha akanyooka.

"Haya," akasema. "Mchwa wana njaa mwaka huu."

Akanywa chai, akawakumbatia watoto, akaondoka jua lingali juu, na kikapu kitupu. Msimu uliofuata hakuja. Uliofuata pia hakuja. Watoto walipouliza, niliwaambia nauli imepanda.

Je, nilijuta? Hata! Nilikuwa na kazi ya kujisifu. Mchenza wa mbegu hauna haraka, na miaka yote niliyoungoja niliitumia kutangaza. Harusini nilitangaza. Matangani, watu wakimlilia maiti, mimi nilikuwa nikimweleza mtu kuhusu chenza langu. Nikachonga ubao, nikauandika jina langu kwa rangi nyekundu, nikausimika kati ya ile miti mitano. Tunda halijatoka, jina limeshakauka rangi!

Hatimaye ikazaa. Nilionja la kwanza nikiwa peke yangu. Tamu! Nikajiapiza kwamba ni tamu kuliko lile la zamani. Ulimi wangu ulikuwa umeshakula rushwa ya kichwa. Nikampa mke wangu, akala. "Ni tamu," akasema, akaingia jikoni.

Nikaandaa karamu ya kulipatia tunda jina. Nilichinja mbuzi. Nikamwalika mzee wa mtaa, nikamwalika bwana shamba wa eneo letu, nikawaalika majirani wote, pamoja na Kahindi ili aumie roho. Mke wangu naye, bila kuniambia, alikuwa amempigia simu mtu mmoja Mtwapa.

Nilipomwona Shangazi Kadzo anaingia uani, amezeeka, amepungua, macho yangu yalikwenda kwenye kisiki. Lakini watu walikuwa wameshakaa, ningefanya nini? Nikatoa hotuba. Nilisema maneno mengi, mengine hata maana yake sikuijua. Kisha masinia ya machenza yakapitishwa.

Watu wakala. Wakatazamana. Nikadhani ni mshangao wa utamu!

Shangazi alilimenya lake taratibu, ganda likatoka zima. Akanusa ganda. Akatia kipande kimoja mdomoni, akafumba macho, na machozi yakamtoka.

"Hili," akasema, "nimelipanda mimi."

Kahindi alikuwa wa kwanza kucheka. "Nami nilikuwa nasema! Ndugu yangu, hili si lile lile la zamani? Umetusubirisha miaka yote hii utuletee chenza tulilolila tangu utoto?"

Uani kote watu wakaangua kicheko. Nikamgeukia bwana shamba aniokoe. Masikini, alijaribu kunificha aibu, lakini kweli haifichiki. Akaeleza kwamba mbegu za machenza zina tabia hiyo. Waweza kupaka unga wa mti wowote, lakini miche mingi hutoka kwa mama peke yake, baba hana fungu. Miti yangu mitano ilikuwa mchenza wa shangazi ule ule, haukupungua wala kuongezeka. Akatazama huku na huku. "Na mti mama uko wapi, tulinganishe majani?"

Watu wote wakatazama kisiki.

"Mchwa," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Mchwa wenye shoka," akasema shangazi. "Nilikishika kisiki hiki. Kilikuwa kibichi, kinatoka maji, kimekatwa sawasawa. Nilijua siku ile ile."

"Shangazi, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Ndugu yangu amekufa. Mwanamke aliyebakiwa na mti tu kwao, mti ukikatwa, hagombani na mwenye nyumba. Anaondoka."

Hapo kicheko kilikatika. Nawaambieni kweli, nimewahi kuaibika maishani, nimewahi hata kuanguka na toroli la samadi mbele ya harusi ya wageni hotelini, lakini aibu ile sijapata kuionja. Niliwaona wanangu wananitazama. Walikuwa wakubwa sasa, na wanaikumbuka habari ya nauli.

Nilipiga magoti. Nikamwomba msamaha mbele ya watu, nikilia bila kujificha. Akaniwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe. Lakini miti hii mitano ni yangu. Wazee mpo, mshuhudie."

"Tumeshuhudia," akasema mzee wa mtaa.

Mke wangu ndiye aliyekumbuka. "Na ule wa nyuma ya choo?"

Msafara mzima ukahamia nyuma ya choo. Ule mti wa miiba nao ulikuwa umezaa, matunda machache, magumu, yenye ganda la kupasua kwa kisu. Bwana shamba akaupapasa, akasema huu ndio ulioshika unga wa mchungwa. Huu kweli ni mpya, haujawahi kuonekana duniani. Moyo wangu ukaruka! Nikachuma moja, nikalipasua, nikalitia mdomoni watu wote wakinitazama.

Yaa Rabi! Uchungu wa shubiri, ukali wa ndimu, na mbegu tele, utadhani natafuna changarawe. Uso ulinikunjamana mpaka watoto wadogo wakakimbia.

"Huo ndio wako," akasema Shangazi Kadzo. "Upe jina lako."

Kahindi akaenda kung'oa ubao kule mbele, akausimika nyuma ya choo. Upo mpaka leo. Na jina limeshika, wallahi! Kwetu mtu akikunja uso huulizwa kama amelila lile tunda, na tunda hutajwa kwa jina langu kamili, la baba na la babu. Akina mama huwatishia nalo watoto wasiotaka kunywa dawa. Sasa mmeelewa kwa nini hapa siliandiki. Lingekuwa si jina, ni matangazo ya biashara.

Hayo ya kucheka yameisha. Lililobaki halichekeshi.

Shangazi anakuja tena kila msimu. Anachuma machenza yake, anagawia majirani, na mimi ananigawia fungu sawa na la Kahindi. Lakini halali kwangu. Analala kwa Kahindi. Nilipombembeleza, alinijibu kwa upole kwamba nyumba yangu ni nzuri, ila usingizi wake umeisahau.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mti wa mtu, uwe mnazi, uwe mwembe, uwe mkwaju usio na faida yoyote kwako, uache! Kabla ya kunoa shoka, uliza kwanza ni nani anayerudi nyumbani kwa sababu yake. Usidanganyike na sifa za kupigwa bega. Anayekuita profesa ataabiri ndege arudi kwao, wewe utabaki na kisiki na watu wako.

Juzi shangazi alikuja. Nilikuwa jikoni, nimekaa karibu na sufuria, nimetega sikio kama ninavyofanya kila msimu. Mfuniko haukufunuliwa. Nikasikia sauti yake huko nje, mbele ya nyumba aliyozaliwa, karibu na kisiki cha mti wake.

"Hodi," akasema. Akasimama pale pale na kikapu chake, akingoja niseme karibu.