Karatasi Zilikataa Kuiva

Wenzangu, chekeni tu, nimeshazoea. Mimi ni mwalimu hapa Bungu, na tangu enzi hizi za ruksa zianze, kila mtu ana mradi. Wangu ni kuokoa miti. Tunaloweka madaftari machakavu, tunayachemsha, tunayatwanga kinuni, kisha tunayaanika yawe karatasi mpya. Nani atakata mti tena?

Juzi Bwana Misitu alikuja kuona kama tunastahili kupewa miche. Nikamketisha kwenye kivuli cha mkorosho wa shule, nikahutubia mpaka jasho likanitoka.

"Kila karatasi ya hapa," nikamwambia, "ni mti uliopona!"

"Mashallah," akasema.

Shida ni kwamba madaftari si kunde, hayaivi upesi. Moto uliwaka tangu alfajiri, na mkorosho wetu wa pili ulikuwa umeishia wote mafigani. Nilikuwa nimesimama mbele ya kisiki chake, nimekiziba kwa kanzu.

Hapo Bi Mwanahawa, mpishi wetu, akapaza sauti kutoka jikoni:

"Mwalimu, kuni zimekwisha na karatasi bado ngumu! Mwombe mgeni asogeze kiti, tuukate na huo!"