Sambusa Tano za Mkuu wa Chuo

Nilianza kuichukia mieleka kwa sababu ya chupa. Ilikuwa chupa ya soda, na mwanangu alikuwa anaitemea mate kutwa nzima: ndani ya gari, mbele ya televisheni, hata mezani kwangu. Alikuwa anapunguza uzito kabla ya mashindano. Wavulana wa sekondari yake kule Reynoldsburg, pembeni mwa jiji letu, walikuwa wamefundishana kwamba hata mate yana kilo zake. Chupa ikifika nusu aliiacha kwenye dirisha la jikoni, kando ya nyanya zangu. Asubuhi moja niliishika nikidhani ni mafuta, roho ikanichafuka hata chai sikunywa.

Na chakula hakuwa anakula. Nikipika ugali na sombe, majani ya muhogo niliyoyafuata Morse Road kwa mabasi mawili, yeye alisukuma sahani kwa vidole viwili, taratibu, bila kuniangalia.

"Mama, kesho niko na mizani," alisema.

Wapo watu wanaoweza kumwona mtoto akikataa chakula wakaendelea na shughuli zao. Mimi sikuzaliwa kwao. Tulitoka milima ya Kivu ya Kusini, tukakaa kambini ambako unga ulipimwa kwa kikopo, na mtoto huyuhuyu nilimlaza mara nyingi kwa maji ya moto yenye chumvi. Sasa tuko Amerika, jijini Columbus, friji imejaa, na bwana mdogo anajinyima kwa hiari yake. Nilitamani kumzaba kofi.

Chuo kimoja kidogo cha Louisville kilimchukua kwa ajili ya mieleka hiyohiyo. Mwaka wake wa kwanza timu yao ilikwenda kushindana Buffalo, anakoishi dada yangu mkubwa, nami nikapanda basi kwenda kuona hicho kilichokuwa kinanilia mtoto. Ukumbi ulinuka soksi na dawa ya kusugulia magodoro. Vijana wenye masikio yaliyovimba walikuwa wanasuguana nyuso kwapani, wamevaa vinguo vya kubana ambavyo kwetu mtu havai hata kuogea mtoni. Mwanangu alikuwa na choa shingoni, kiduara chekundu kabisa, na hakuna aliyeshtuka. Dada alikuwa amekuja na sufuria ya wali imefungwa kwa kitenge.

"Tulikimbia njaa kule, ye anakuya kuitafuta huku!" alisema. "Na chupi tu! Bon, tuangalie basi."

Tukaangalia. Mwanangu alimlaza mwenzake chali, mwamuzi akamwinua mkono. Ni lazima niseme kwamba mtoto huyu, tulipofika Amerika, alikaa shuleni miezi bila kufungua kinywa, mpaka mwalimu akaniita kuniuliza kama anasikia. Siku ile, mbele ya umati wa watu, alitutafuta kwa macho akapiga kelele kwa lugha yetu: "Mama, umeona?" Nilikuwa nimeona. Kinyaa hakikuniisha, lakini tangu siku ile nilinyamaza.

Mwaka uliofuata, 2015, kocha alitupigia simu wazazi wote. Chuo kilikuwa kinafikiria kuifuta timu. Kwa mwanangu hesabu ilikuwa fupi: bila mieleka hana ufadhili, bila ufadhili hana chuo, anarudi Columbus kubeba maboksi pamoja nami ghalani. Wavulana walisimama nje ya maduka wakikusanya saini. Kocha alituomba tuandike barua.

Barua! Kwetu jambo zito haliombwi kwa karatasi. Unakwenda mwenyewe, na watu wako, na chakula, kwa maana mkono mtupu haulambwi. Ukifika hulisemi jambo lako kabla mwenyeji hajala. Kama hataki kukupa, hagusi kitu. Anasema tumbo linamuuma, nawe unaelewa, unabeba chungu chako unarudi, na hakuna aliyeaibika. Akila, amekubali. Nimeona mashamba yakiombwa hivyo, na wachumba, na msamaha wa damu.

Kocha alitupatia nusu saa na mkuu wa chuo. Dada alikuja kwa basi kutoka Buffalo, tukakaanga sambusa siku mbili, na shemasi wa kanisa letu akatuendesha hadi Louisville, siku ya Alhamisi. Mwanangu alitupokea mlangoni akiwa amekunja uso kwa aibu. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba hapa watu hawafanyi hivyo. Nikamwambia njaa yake imemla akili, ashike sahani.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mikono laini. Nilifungua kifuniko, harufu ikajaa ofisi. Nikamwekea, nikarudi nyuma, nikashusha macho kama inavyopaswa. Halafu nikasikia anatafuna.

Alikula moja. Akala ya pili, akafumba macho, akasema hajawahi kuonja kitu kama hiki. Akala ya tatu, akalamba mafuta kwenye kidole gumba. Mbili akazifunga kwenye karatasi, za mke wake. Dada alinifinya paja kwa furaha. Ndipo shemasi akasimama.

"Mukubwa, bon, siye tulikuya kuomba. Huyu mutoto, Mungu alimufungua kinywa ndani ya hii muchezo. Donc, tunakuomba, usiiue. Ni hiyo tu."

Mwanangu alitafsiri akiangalia zulia. Mkuu alisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kusema kwamba ameguswa sana, kwamba kila sauti itasikilizwa kabla ya uamuzi. Njiani kurudi Columbus tuliimba. Dada alitoka Buffalo akiwa na wasiwasi, akarudi kwake akiwatangazia watu wa mtaa wake wa Bailey kwamba mtoto ameponea.

Barua ilimfikia mwanangu Ijumaa ya wiki iliyofuata. Aliipiga picha akanitumia. Timu imefutwa, na chuo kinajivunia sana vijana wake. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini kuna kitu kimoja ninachokisoma kuliko mtu yeyote. Kazi yangu ghalani ni kuangalia tarehe: maziwa, jibini, nyama, boksi baada ya boksi, kipi ni kizima na kipi kimeoza. Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye kona ya juu. Barua ilikuwa na tarehe ya Jumatatu. Jumatatu ile ya kabla ya Alhamisi yetu.

Alikuwa ameshatia saini. Alikaa mbele yetu, barua imelala mahali fulani mezani mwake, akatafuna sambusa zangu tatu na kumfungia mke wake mbili. Nilimpigia dada.

"Si angesema tu tumbo linamuuma!" alilia. "Tungemwelewa!"

Mate yote ya mwanangu, chupa zote, choa, masikio yale, hakuna kilichowahi kunitia kichefuchefu kama kidole gumba kile kilicholambwa. Najichukia mimi pia. Nilipomsikia anatafuna, nilimshukuru Mungu.

Mwanangu alirudi nyumbani mwezi wa tano na mabegi mawili. Nilikuwa nimepika ugali, sombe na samaki, maana sikujua kingine cha kufanya. Alinawa mikono, akakaa, akala. Alimega tonge baada ya tonge bila kusema, akamaliza samaki, akafyonza mifupa, akapangusa sahani kwa kidole. Miaka mitano nilikuwa nimeombea jambo hilo hata kwa kufunga.

"Mama," alisema, "uongeze."

Nilimwongezea. Nikasimama pale na mwiko mkononi nikimwangalia akila, na kwa mara ya kwanza tangu nimzae, nilitamani asukume sahani.