Nusu Chupa ya Maji ya Mvua

Shangazi yangu alikuwa na ngamia jike mmoja tu, na ngamia huyo akakauka maziwa wiki ile ile wageni walipokuja kumposa binti yake. Haya ni ya zamani, ndevu sijaota bado. Tulikuwa tumehamia upande wa Sangailu kufuata malisho, au pengine tulikuwa tunakimbia ugomvi, sikumbuki. Shangazi alizunguka nyuma ya vibanda, akaazima maziwa kwa jirani, akayamimina kwenye chombo chake mwenyewe kilichofukizwa moshi, akawakaribisha wageni. Walikunywa, wakamsifu ngamia. Mimi nilikuwa namkodolea shangazi macho.

"Funga mdomo," akaniambia. "Mgeni haonyeshwi ukame."

Sasa, kwetu binti akiolewa hutoka na mifugo ya kwao. Ngamia aliyesifiwa ndiye aliyetoka naye. Huko walikokwenda ngamia hakutoa hata tone. Miaka na miaka wakwe walimtania binamu yangu: "Umetuletea ngamia au kigoda?" Naye maskini hakujua lolote. Maziwa hakuyaazima yeye.

Kisa hiki nilikuwa nimekisahau kabisa mpaka nilipofanya changu.

Nilikuwa mlinzi wa kisima cha mota katika kijiji kimoja kupita Bura. Maji yetu yalikuwa ya chumvi chungu. Ngamia huyapenda, na ngamia hakosei kuhusu chumvi, lakini watoto yaliwaharisha, na chai yake ukiinywa unakunja uso hata kama ni ya harusi. Ndipo akaja binti mmoja fundi, mzaliwa wa Garissa mjini aliyesomea Nairobi. Aliniita adeer, yaani ami, nami nikamwita adeer vile vile, maana kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile.

Alikaa kwenye kivuli cha tangi akafungua kompyuta. Ndani yake mlikuwa na programu inayochora mtambo wa kuchuja chumvi na kuupigia bei papo hapo. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini mchoro unasomeka na yeyote. Mabomba manene ya kuchujia yamelazwa kama magogo, pampu, paneli za jua. Aliandika namba ya chumvi ya kukisia, mabomba yakawa manne. Akaiongeza ili nione. Yakawa sita, pampu ikanenepa, paneli zikazidi, na bei kule chini ikageuka nyekundu.

"Hii nyekundu ni ya nini?" nikauliza.

"Imepita kiasi cha wafadhili, adeer. Ikibaki hivyo, mradi unapelekwa kijiji kingine."

"Na sisi tuko wapi hapo?"

"Sijui bado. Maji yenyewe ndiyo yatasema, mimi nitaandika tu."

Siku hiyo mota haikuwa na dizeli, na askari waliomsindikiza walitaka kuondoka mapema. Akaniachia chupa safi. Kesho yake niwashe mota, niyaache maji yakimbie nusu saa, nijaze, nimpe dereva wa gari la miraa ampelekee mjini akayapime. Alinieleza mara mbili, taratibu, bila kunidharau. Wengine wakiona mvi hukupigia kelele kama kiziwi.

Asubuhi nikawasha. Nikaonja. Wallahi, siku hiyo yalikuwa machungu kuliko siku zote, au ulimi wangu ulikuwa na hofu. Nikaiona akilini ile bei nyekundu. Nikajaza chupa nusu. Kisha nikaenda kwenye birika la saruji la madrasa, ambalo lilikuwa limebakiza maji kidogo ya mvua, nikaijaza mpaka juu, nikampa dereva. Hakuna aliyenituma. Nilisema moyoni nawasaidia watoto wetu, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilikuja kwa urahisi.

Mtambo ukaletwa, mabomba manne. Ule mwezi wa kwanza sijui niusimulieje. Akina mama walikuwa wakionja na kuangaliana. Mzee mmoja alikunywa vikombe vitatu akasema maji haya hayana ladha, arudishiwe yake. Tulicheka. Mimi nilipewa mkono msikitini kama bwana harusi.

Kisha maji yakaanza kutoka membamba, halafu machungu tena, halafu yakakatika. Vichujio vilipofunguliwa vilikuwa vimeganda ukoko mweupe. Akina mama wakarudi kwenye bomba la zamani, na watoto wakarudi kuharisha.

Yule binti akaja. Safari hii alipima mwenyewe kwenye bomba la tangi kwa kifaa chake kidogo. Akatazama, akakisuuza, akapima tena. Watu wote walikuwa wamekusanyika.

"Kompyuta yako haijui chumvi?" mmoja akamuuliza. "Ipe ilambe."

"Mtoto wa mjini," mwingine akasema. "Chumvi anaijua ya chipsi tu."

Wakacheka, lakini si kicheko cha mwezi ule. Yeye alifungua kompyuta, akaandika namba mpya, nami kutoka nilipokaa nikaona mabomba yakiongezeka moja moja. Kisha akanigeukia.

"Adeer, ile chupa uliijaza bombani?"

Aliniuliza kwa adabu, mbele ya watu wote. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Ningesema neno moja tu. Wangenitukana siku mbili, ya tatu wangeniomba niwashe mota.

"Niliijaza bombani," nikasema.

Yule binti alifunga kompyuta. Kisha akawaambia watu, "Basi kosa ni langu. Nilipaswa kupima mwenyewe."

Baadaye nilisikia aliondolewa kwenye ile kazi. Nimeyasikia hapa Waberi, mtaa wa Garissa mjini, kwa mwanangu, ninakokunywa maji ya mto yasiyo na chumvi hata chembe, na kila kikombe naona kama nimekiazima.

Siku ile watu walipoendelea kumzomea, nilisimama nikasema naenda kuzima mota. Mota ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, na kila mtu alijua. Hakuna aliyeniita. Nikaipita nyumba ya mota, nikaupita uzio wa miiba, nikashika njia ya Bura kwa miguu, na sijarudi.