Tulimtafuta Mahabusu

Wasomaji wangu, wiki hii tumemzika huko Kondoa dada mmoja ambaye baadhi yenu mlimsikia akiwatetea wakulima waliokuwa wakiondolewa kwenye mashamba yao pembezoni mwa jiji la Dodoma. Hakufia mikononi mwa polisi, kama tulivyoogopa. Presha ilimwangusha chumbani kwake Ipagala, akiwa peke yake.

Tangu alipoitwa kituoni kuhojiwa mara ya kwanza, alijiandaa kukamatwa kama watu wengine wanavyojiandaa kwa safari. Nyuma ya mlango aliweka mkoba wenye kanga, mswaki, kandambili na dawa zake. Alimpeleka binti yake Kondoa kwa bibi yake. Kisha akatualika mimi na rafiki yake mmoja wakili, akatupikia ugali wa uwele na mlenda, na tulipokwisha kunawa akatugawia kazi.

"Siku nisipopokea simu, wewe wakili anza na vituo vya mjini. Kaka, wewe nenda Chamwino. Kwangu msije, watawachukua na ninyi."

"Na kama umelala tu?" nikamuuliza.

"Mimi silali hivyo, kaka," akasema, akacheka.

Siku simu yake ilipoita bila kupokelewa, hatukubabaika. Asubuhi nilikuwa Chamwino. Askari wa zamu aliniambia kwa upole kwamba hawakuwa na mtu huyo. Sikumwamini. Nikakaa kwenye benchi, nikabishana naye, nikawapigia waandishi wenzangu, na nakiri nilijiona shujaa kidogo. Wakili naye alikuwa akizunguka mjini. Alasiri mama mwenye nyumba wake alishangaa kutomwona akitoka, akaita majirani wakavunja mlango. Daktari alituambia kwamba angewahishwa asubuhi, huenda angepona. Hiyo "huenda" ndiyo ninayolala nayo na kuamka nayo.

Msibani nilimwamkia mama yake. Akaitikia, akaniuliza tulimtafuta wapi.

"Vituoni, mama."

"Na kwake hamkupiga hodi?"

Nikamweleza katazo la binti yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Haya, baba," akasema, akageuka kumfunga mjukuu wake mtandio vizuri. Angenilaumu, ningepumua.

Tumefika mahali ambapo mtu asipoonekana, wazo la kwanza ni mahabusu. Sisemi woga huo ni wa bure. Tuliouonja tunajua ulikotoka. Lakini umetunyang'anya desturi ndogo tulizolelewa nazo. Sote tulijua dada yule ana presha. Tulimuuliza kila siku kama kuna gari geni mtaani kwake, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyemuuliza ameamkaje. Tulimfanya kuwa mpambanaji mpaka tukasahau kwamba ana mwili unaochoka kama wetu.

Ukimkosa mtu wako kwenye simu, anza na mlango wake, hata kama amekukataza. Afadhali ukamatwe ukibisha hodi kuliko kufika salama kwenye mazishi yake.