Jiwe Alilochonga Erastus

Aoko alijua vizuri mama mkwe wake anakuja kufanya nini. Perez alikuwa ametuma salamu kutoka Gem: akikuta mjukuu wake analishwa unga wa mahindi wa posho tu, atamchukua akamlee nyumbani. Jeconia alikuwa na miaka miwili, na ndiye mtoto pekee aliyejaliwa Aoko.

Perez alitaka uji wa wimbi, nao unataka jiwe la kusagia, na katika kambi ile ya machimbo karibu na Juja, mwaka wa hamsini na sita, halikuwepo hata moja. Mumewe Erastus akacheka. Yeye fundi wa mawe mzima akose jiwe? Akachonga moja la mraba, limenyooka hata majirani wakaja kulipapasa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Alikuwa amechonga lile lile la kujengea nyumba, laini, ukilisugua linatoa vumbi. Lakini nani angemfundisha Erastus habari za mawe?

Perez alifikia kwa Ndunge, jirani Mkamba, maana kwa Wajaluo mama halali nyumbani kwa mwanawe. Asubuhi Aoko akampelekea uji. Perez akapiga funda moja, meno yakalia kra! Aoko alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nyar Alego," Perez akamwita kwa jina la kwao, "huu ni uji ama ni ukuta?"

"Ni jiwe, Mama. Alilichonga mwanao."

Perez akaenda kuliona, akalipitishia kidole, akacheka mpaka akashika kiuno. "Erastus! Unamjengea mtoto nyumba tumboni?" Fundi wetu akajifanya anatafuta patasi yake.

Basi mtu na mkwewe wakateremka hadi Mto Ndarugu. Perez aligonga mawe huku akisikiliza, kwa kuwa jiwe gumu hulia. Wakapata jeusi, wakapanda nalo kwa kupokezana. Kutwa nzima Perez akalidonoa uso ili lipate meno ya kusagia, akimwonyesha Aoko namna. Unga wa kwanza ulikuwa na mchanga, wakawamwagia kuku. Uliofuata ulitoka laini, na Jeconia akalamba bakuli.

Siku ya Perez kurudi Gem, Aoko alimvika mtoto kaptura safi, akamkabidhi kwa nyanya yake kabla ya kuulizwa, akidhani uji ule wa kwanza ulishamponza. Perez akamtazama mtoto, akalitazama jiwe.

"Sasa hilo nani atanibebea mpaka Gem?" akasema. "Mtoto akae na jiwe lake."

Aoko akaangua kilio, wala hakujali nani anamsikia.