Saa Nne za Kuangalia Seli

Nisidanganye mtu: Tukuyu nilikaa miaka miwili bila rafiki hata mmoja wa rika langu. Mvua, ukungu, na maabara ndogo niliyobaki nayo peke yangu tangu mwenzangu ahamie Mbeya. Kazi yangu ilikuwa kukuza seli za ngozi kwenye visahani, kuzipiga mwanga wa leza, kisha kuangalia joto lake limezidhuru kiasi gani.

Aliyenisemesha kila asubuhi ni mama jirani, mkulima wa ndizi. "Ugonile!" ananisalimia kwa lugha ya kwao ng'ambo ya ua, nami najibu "Ndaga" kwa lafudhi yangu ya pwani, anacheka mpaka anajishika kiuno. Siku moja nikamweleza kazi yangu. Akaniuliza, "Sasa hivyo vidude ukivichoma, vinalia?" Jamani, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza chochote kuhusu kazi ile.

Kulia havilii. Hilo ndilo lililonipotosha mwanzoni. Ukizima leza ukachungulia kwenye hadubini, seli zimetulia kana kwamba hazikuguswa. Nikaandika "hai", nikaenda zangu nyumbani. Kesho yake zimesinyaa, zimebanduka, zimekunywa rangi ya bluu ya kupimia, ambayo seli hai huikataa. Joto lilishaziharibu ndani, kufa tu ndiko kulikochelewa. Basi nikajiwekea sharti: baada ya leza, saa nne sibanduki, kila nusu saa naangalia.

Mama jirani akaugua. Jumanne asubuhi, nimetoka tu kuzima leza, binti yake akagonga dirisha la maabara. "Dada, mama anakuita. Njoo sasa hivi."

Kutoka pale hadi kwao ni mwendo wa dakika kumi. Nikatazama kisahani, nikatazama saa. "Mwambie nakuja, namalizia kitu." Akasimama kidogo, akaondoka.

Nilipofika, saa nane mchana, wanawake walikuwa wamekaa chini uani na kilio kinatoka ndani. Wakanisogezea nafasi kwenye mkeka. Mdogo wa marehemu, aliyekuja kutoka Suma, akanipa pole, akaniuliza nilikuwa wapi.

"Nilikuwa Mbeya," nikasema.

Binti alikuwa amekaa mbele yangu. Alinisikia vizuri. Akaniangalia, akainamisha kichwa, hakuniumbua. Najichukia mpaka leo. Bora angesema.